Je, Wajua? Ndege wa Usambara Wanapanda Mlima

Ndege wengi wa misitu ya milima ya Usambara, Tanzania, wanahama, na safari yao ni ya kupanda. Watafiti walitega nyavu huko karibu mwaka 1980, wakarudia karibu miaka 40 baadaye. Aina nyingi zimeacha makazi ya chini yanayozidi kuwa na joto. Kwa juu, hazijapata nafasi kubwa mpya: milima inaishia kwenye mita 2,300 hivi.

Ua lisiloweza kuhama. Urujuani wa Usambara, unaopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, ulitoka hapa. Ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwao Ujerumani mwaka 1892. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Kivuli kikiondoka, jua huukausha.

Wakulima waliozuru kesho. Mwaka 2012, wakulima wa Yamba, wilayani Lushoto, walisafiri hadi Nyanda za Juu Kusini. Walikwenda kuona maeneo ambayo hali yake ya hewa leo inafanana na ile inayotarajiwa kwao baadaye. Wakawauliza wenyeji wanapanda nini na wanaishije.

Mvua ya mlimani, bomba la mjini. Mto Zigi huanzia misitu ya Usambara Mashariki na ndio unaolipatia Jiji la Tanga maji. Mlima hulisha miji pia: kabichi, karoti na viazi vya Lushoto huuzwa hadi Dar es Salaam. Mvua za vuli zikichelewa Lushoto, mkulima huweza kukosa mavuno na mnunuzi wa Dar akalipa zaidi.