Mashabiki wanaposhangilia 'vibaya': Funzo la lugha kutoka Uwanja wa Gusii

JUMAPILI moja adhuhuri niliabiri matatu pale Ekerenyo kuelekea mjini Kisii, kuitazama Shabana FC ikicheza nyumbani. Nilikuwa sijakanyaga uwanja wa kandanda kwa miaka mingi. Aliyenishawishi ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafunza Kiswahili katika shule moja ya upili huku kwetu Nyamira.

"Prof, kila wiki unatuandikia kuhusu lugha," aliniambia kwa simu. "Njoo siku moja uisikie ikipigiwa kelele."

Garini tulibanana na vijana waliovalia jezi. "Mzee, songa kidogo, leo tuko wengi," makanga aliniambia kwa heshima. Hata kabla hatujafika mjini Nyamira, kijana mmoja wa kiti cha nyuma alipaza sauti: "Tore!" Gari zima likamwitikia: "Bobe!" Mama mmoja aliyepakata kikapu cha ndizi, ambaye sidhani alikuwa akienda uwanjani, naye aliitikia bila hata kugeuka.

Hapo ndipo mwalimu yule aliponiinamia. "Prof, unakumbuka uliwahi kunikata alama mbili kwa sababu ya neno 'vibaya'?"

Sikukumbuka. Yeye alikumbuka kila kitu. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Katika insha kuhusu mchuano aliowahi kuutazama, aliandika kuwa mashabiki wa Shabana "walishangilia vibaya". Mimi nililichora neno hilo msalaba kwa kalamu nyekundu, kisha nikaandika pembeni: "Vibaya vipi? Walikosea wimbo?" Wenzake waliyasoma maoni hayo wakacheka wiki nzima.

"Tangu siku hiyo," alisema, "nikawa naandika Kiswahili cha uoga. Na ubaya ni kwamba sasa nawafanyia wanafunzi wangu vivyo hivyo."

Mpenzi msomaji, makala ya leo ni jibu langu kwake. Nililiwaza tangu tulipoketi kwenye ngazi za Uwanja wa Gusii hadi tuliporudi Ekerenyo usiku.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili hakina umaskini wa msamiati wa sauti za umati, lakini wengi wetu tumeukumbatia mmoja tu: kelele. Kelele ni sauti yoyote kubwa inayosumbua, iwe ya watu au ya mashine. Shangwe ni sauti za furaha. Vifijo na nderemo aghalabu huandamana nazo, ndiposa watangazaji husema timu ilipokelewa kwa "shangwe, vifijo na nderemo". Vigelegele ni vile vilio vya furaha vinavyopigwa na akina mama kwa kuchezesha ulimi. Mbinja ni mlio wa midomo au vidole. Mayowe na nduru, kwa asili, ni sauti za kuomba msaada: mwizi ameingia, nyumba inaungua. Mguno ni sauti ya kutoridhika isiyofunguliwa kinywa. Kuzomea ni kumpigia mtu kelele za kumdhihaki.

Kipo pia kitenzi ambacho vijana wengi hawakijui: kuhanikiza. Sauti inapohanikiza huenea kila mahali. Siku ile shangwe zilihanikiza uwanja kiasi kwamba mwalimu aliyekuwa ubavuni pangu alilazimika kuniwekea mdomo sikioni ili anijulishe nani amepiga kona.

Katika dakika tisini nilizisikia sauti hizo zote, na jambo lililonishangaza ni jinsi zilivyokuwa na utaratibu. Mguno ulikuja pale mpira ulipopita juu ya mwamba. Mbinja zilimwandama refa. Nduru, nilizokuwa nikiwafundisha wanafunzi kuwa ni za hatari pekee, zilipigwa kwa furaha tupu, na hakuna aliyekimbia kutafuta rungu. Kila aliyekuwapo alielewa. Umati ule haukuwa ukipiga kelele tu, ulikuwa ukizungumza.

Na je, unazungumza na nani? Kwanza, na refa. Mwaka 2002, mtafiti Alan Nevill na wenzake wawili walichapisha jaribio walilofanya Uingereza. Waliwaonyesha marefa 40 video yenye matukio 47 ya kukabana kutoka mechi moja ya ligi kuu ya huko. Baadhi yao walisikia sauti ya mashabiki, wengine waliitazama kimya. Waliosikia sauti waliipa timu ya nyumbani makosa machache zaidi, kwa kiasi cha asilimia 15.5, kuliko waliotazama kimyakimya. Mei 2020, ligi ya Ujerumani iliporejea bila mashabiki kwa sababu ya korona, baadhi ya vituo vya televisheni viliongeza sauti za umati zilizorekodiwa kwa sababu watazamaji waliona mchezo umepooza. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa faida ya kuchezea nyumbani ilipungua viwanja vilipokuwa vitupu. Kwa hivyo yule shabiki anayejiita mchezaji wa kumi na mbili hajigambi bure.

Pili, umati unazungumza na wenyewe. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza mwaka 1923 kuwa kuna maneno tunayotamka si kwa ajili ya kupashana habari bali kwa ajili ya kufungamana. Unapomuuliza jirani "Umeshindaje?" hutaki ripoti ya siku nzima. Unamwambia: mimi na wewe tuko pamoja. "Tore bobe" ni maneno ya namna hiyo. Yamekuwa jina la pili la Shabana, klabu iliyoanzishwa mwaka 1980, ikashuka kutoka ligi kuu mwaka 2006, na kurejea mwaka 2023. Hiyo ni miaka 17 nje. Mtoto aliyezaliwa timu ikishuka alikuwa kidato cha tatu au cha nne iliporudi, na wimbo wa uwanjani aliurithi kwa wazazi wake.

Sasa turudi kwenye zile alama mbili. "Tore bobe" ina maana gani? Tuichambue. Kwa Ekegusii, "tore" ni "tuko". Neno "bobe" lina mzizi -be, ambao ni ndugu wa kimaana wa -baya katika Kiswahili. Kinyume chake ni "buya", vizuri, neno tunalolisikia kila asubuhi katika salamu ya "Bwakire buya", yaani kumekucha vyema. Kwa hivyo, ukitafsiri neno kwa neno, maelfu ya watu pale uwanjani walikuwa wakijitangazia kwa fahari: "Tuko vibaya!"

Hapo nilicheka peke yangu. Mwanafunzi aliyeandika "walishangilia vibaya" hakuwa amekosea maana. Alikuwa ameusikiliza uwanja kuliko mimi.

Ikumbukwe kwamba hili si jambo la Gusii pekee. Jijini Nairobi utasikia "huyu msee anajua mpira vibaya", na ole wako ukidhani anasutwa. Dar es Salaam mshambuliaji hodari huitwa "hatari", "noma" au "balaa". Anayependa sana husema anapenda "kufa". Kitu kizuri kupita kiasi huwa ni kizuri "ajabu", au "cha kutisha". Waingereza na Wajerumani nao wana maneno yaliyokuwa ya woga ambayo leo yanamaanisha "sana" tu. Sababu ni rahisi. Maneno ya kutilia mkazo huchakaa kama viatu. "Sana" ikishatumiwa kwa kila kitu, haisisimui tena, na msemaji hutafuta neno lenye makali. Woga una makali. Kwa hivyo neno la ubaya huazimwa likafanye kazi ya ukubwa, na muktadha ndio unaomlinda msikilizaji asipotee.

Tazama pia namna semi za uwanjani zinavyoundwa. "Tore bobe" ina silabi nne, to-re-bo-be, na kila moja inaishia kwa irabu. Irabu ndizo zinazobeba sauti mbali. Konsonanti hufifia njiani. Lugha zetu za Kibantu, ambazo kwa kawaida hufunga silabi kwa irabu, ni kama zilitengenezewa ngazi za uwanja. Mashabiki wa Simba ya Dar es Salaam nao wana usemi wao mashuhuri kuhusu Uwanja wa Benjamin Mkapa: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Sarufi yake ni tamu. "Kwa" inaufanya uwanja wa watu 60,000 uwe kama nyumba ya mtu mmoja. Kisha kitenzi kimetangulizwa mbele ya kiima. Mtu angesema "mtu hatoki", maana ingekuwa ile ile lakini tishio lingepungua. "Hatoki mtu" inafunga mlango kwanza, halafu ndiyo inakutajia nani aliyefungiwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha mashabiki hao mpangilio huo. Waliupata kwa sikio.

Zipo hata sauti zisizohitaji maneno. Ngoma ya isukuti, ambayo mashabiki wa AFC Leopards wameizoea tangu jadi, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Bila shaka uwanja ni mojawapo ya mahali ambapo kijana wa mjini bado anaweza kuisikia bila kungoja harusi wala matanga.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani naubariki kila mlio wa umati. Katika kipindi cha pili, mchezaji wa timu pinzani alipoanguka karibu na upande wetu, sauti moja nyuma yangu ilimtukana kwa kabila lake. Si umahiri wake uliotajwa, si rangi ya jezi yake, bali mahali alikozaliwa mamake. Wachache walicheka. Mwanamke mmoja aliyejifunga leso kichwani aligeuka akasema, "Hiyo usituletee hapa. Tumekuja mpira." Yule bwana akanywea.

Niliona pale kuwa umati una walimu wake wa ndani. Kuna tofauti kati ya kumzomea mpinzani na kumtweza. Kuzomea kunamwambia: leo tunataka ushindwe. Kutweza kunamwambia: ulizaliwa umeshindwa. La kwanza huisha kipenga kikilia. La pili humfuata mtu nyumbani, na ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2008 kuhusu uwiano na utangamano wa kitaifa inalikataza. "Vibaya" ya shangwe na "vibaya" ya chuki hutoka kwenye mzizi mmoja, ila haziendi mahali pamoja, na mwalimu wa lugha asiyeijua tofauti hiyo atapoteza muda akipiga msalaba neno lisilo na hatia.

Je, basi nimwambie mwalimu yule awaruhusu wanafunzi waandike "walishangilia vibaya" katika insha ya KCSE? La hasha. Mtahini aliye mbali, asiyejua matatu ya Ekerenyo, atalisoma kwa maana ya kamusi, na mtoto ataumia. Kiswahili sanifu ni mkataba kati ya watu wasiojuana. Ndiyo faida yake. Lakini kuna njia mbili za kumfundisha mtoto mkataba huo. Ya kwanza ni ile niliyoitumia mimi: kalamu nyekundu na kejeli. Ya pili ni kumuuliza, "Neno hili umelisikia wapi? Pale lina maana gani? Na msomaji wako atalielewaje?" Ukimuuliza hivyo, atabadilisha neno na bado ataendelea kusikiliza. Ukimkejeli, atabadilisha neno na kuziba masikio. Mimi nilimziba masikio mwanafunzi mwenye sikio zuri, kisha nikashangaa mbona insha zake za miaka iliyofuata zilikuwa safi na kavu kama kuni.

Ipo namna nyingine: kumwachia neno lake mahali linapostahili. Katika masimulizi, msemaji wa uwanjani aseme anavyosema, ndani ya alama za mtajo. Msimulizi naye atumie "walishangilia kwa kishindo" au "shangwe zilihanikiza uwanja". Insha inakuwa na sauti mbili, ya mtaani na ya kitabuni, na kila moja inajua kiti chake.

Tulirejea Ekerenyo usiku. Matokeo ya mchuano sitayataja, maana kuna wasomaji wangu ambao bado hawajapoa. Abiria wengi walikuwa wamepoteza sauti. Tuliposhuka sokoni, nilimwambia mwalimu yale niliyoyaandika hapa, na kwamba nasikitika.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Basi Prof," akauliza, "zile alama mbili unanirudishia?"

Nikamwambia moja namrudishia leo. Ya pili nitampa atakapoacha kuwakata wanafunzi wake.