Gego Lililotoboka: Lizibwe au Ling'olewe?

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapotimiza miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na kwa kuwa hakuna jino linalong'oka ili kulipisha, wazazi wengi hulidhani ni la utotoni na kuliacha lioze. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, gego hilo ndilo litakalosaga korosho na muhogo mbichi kwa miaka mingi ijayo. Uso wake una mifereji inayonasa mabaki ya chakula, ambamo bakteria hugeuza sukari kuwa tindikali inayomomonyoa enameli, yaani gamba gumu la nje, kisha dentini iliyo laini zaidi chini yake, hivyo tundu linaloonekana dogo kwa juu huweza kuwa pango kwa ndani.

Maadamu uozo haujafika kwenye kiini, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, jino huweza kuzibwa. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa amalgamu, mchanganyiko wa madini ambao karibu nusu yake ni zebaki, na ambao Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi yake. Kompositi ni kitu kingine: ni resini iliyochanganywa na chembe za kioo, yenye rangi ya jino, inayofinyangwa ikiwa laini na kukaushwa kwa mwanga wa buluu. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli iliyopakwa tindikali hushikana na resini, na kwa sababu ya mshikamano huo daktari hahitaji kuchimba sehemu ya jino isiyooza ili kijazo kipate pa kujishikiza.

Ufundi wenyewe hautaki haraka. Baada ya ganzi na kuondoa uozo, tundu hupakwa tindikali kwa sekunde 15 hivi, huoshwa, hukaushwa kwa kiasi na kupakwa gundi. Kisha kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2 na kumulikwa peke yake, kwa sababu hunywea inapokauka, na donge kubwa likiwekwa kwa mkupuo huweza kubanduka ukutani na kuacha ufa ambao uozo hurudia humo. Tundu likiwa kati ya magego mawili, daktari huzungushia jino utepe mwembamba wa chuma na kuubana kwa kabari, la sivyo nyama itanasa hapo kila mlo.

Adui mkubwa wa kazi hii ni mate. Pasipo na mashine ya kuyafyonza wala taa ya kukaushia, kompositi haifai, na hapo ndipo inapostahili kukumbukwa njia iliyoasisiwa Tanzania yenyewe katikati ya miaka ya 1980, ambayo Jo Frencken ni miongoni mwa waasisi wake: uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, bila umeme, na tundu hujazwa glasi ayonoma, saruji inayovumilia unyevu zaidi na kutoa floridi. Saruji hiyo ni dhaifu kwenye matundu mapana, lakini kwa tundu dogo la mtoto wa kijijini ni bora mara nyingi kuliko koleo.

Mkulima anayeahirisha tiba hadi minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huenda akafika hospitali wakati maumivu yanamwamsha usiku, dalili kwamba kiini kimeathirika na kuziba pekee hakutoshi tena. Hapo hubaki tiba ya mzizi au kung'oa. Gego la chini likishang'olewa, la juu yake hushuka polepole kulifuata pengo, na meno yanayopakana na pengo huinama.

Mzazi anaweza kumwachamisha mtoto juani asubuhi na kuhesabu meno kuanzia katikati kwenda nyuma: la sita ndilo gego lenyewe, na weusi uliozama kwenye mifereji yake ni sababu tosha ya kumpeleka kwa daktari wa meno, hata kama mtoto hajalalamika.