Huzuni Isiyoondoka

Sisi tunaotembelea wagonjwa hapa Miyuji tumemkuta mama aliyeacha kupika, haogi, amelala uso ukutani. Majirani husema ni mvivu. Wengine husema ni pepo. Sisi wauguzi twaiita sonona, nayo ni ugonjwa.

Je, mazungumzo yaweza kuuponya? Mwaka 2002 watafiti walilipima swali hilo Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Katika baadhi ya vijiji wagonjwa walikutana saa moja na nusu kila juma, kwa majuma 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walizungumza misiba, ugomvi, maisha yaliyogeuka ghafla. Kiongozi hakuwa daktari, bali mwenyeji aliyefundishwa majuma mawili.

Vijiji vingine havikupewa vikundi, ili kulinganisha. Jambo hili lilituudhi: nani amnyime mgonjwa? Lakini tazama. Huko nako wenye sonona walipungua toka 94 katika kila 100 hadi 55. Bila kulinganisha, vikundi vingepewa sifa isiyo yao. Penye vikundi walishuka toka 86 hadi 6 au 7.

Hao 6 au 7 ndio wanaotuhangaisha. Mama akiwa amezungumza, ameombewa, na bado hali wala halali, au anataja kufa, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kituo cha afya, ama Mirembe hapahapa Dodoma. Si hospitali ya "vichaa" tu, kama tunavyotishana kisimani.