Furaha ya Imani Miongoni mwa Majirani wa Masasi

Ushuhuda, yaani tendo la muumini la kuwajulisha wengine imani yake kwa maneno na kwa mwenendo, hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya mapadri na wahubiri peke yao. Hata hivyo, historia ya Masasi na bonde la Lukuledi yaonyesha kwamba Ukristo ulikita mizizi huko pale waumini walipoishi na jirani zao na kushiriki furaha zao.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Unguja, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakaanzisha kijiji ambamo kulima, kujenga na kusali vilifanyika mbele ya macho ya wenyeji. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia na kuchukua mateka, lakini kazi haikufa. Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, akahudumu Chitangali kati ya Wayao. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, nao walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895.

Mfano ulio wazi zaidi wa kushiriki furaha za jirani ni jando, yaani mafunzo ya wavulana yanayoambatana na tohara. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, alitambua kwamba kumkataza kijana Mkristo jando ni kumtenga na rika lake na ukoo wake. Kwa hiyo aliunga mkono jando la Kikristo, ambamo tohara na mafundisho ya adabu vilibaki, na sala zikachukua nafasi ya mambo yaliyopingana na imani. Vijana walipotoka kumbini, yaani kwenye kambi ya jando, wakiwa wamevaa nguo mpya, wakipokewa kwa vigelegele, shangwe ya ukoo na shukrani kwa Mungu zilikuwa jambo moja.

Katika nyanda za Masasi na Newala, ambako Wakristo na Waislamu ni majirani na mara nyingi ni ndugu, ushuhuda hauwezi kuwa mabishano. Mkristo na aonekane msibani, harusini na shambani akiwa na moyo mkunjufu, na anapoulizwa sababu ya furaha yake, aieleze bila woga wala dharau.