Ahadi ni Deni: Maoni Kuhusu Mwanzo wa Filamu

Utangulizi

Mwaka jana sisi wanafunzi 5 wa somo la fasihi na filamu tulitengeneza filamu fupi ya dakika 14. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mama lishe mmoja anawapikia mafundi wanaojenga ghorofa. Mafundi wanakula kwa mkopo, naye anawaandika kwenye daftari. Siku jengo linapokwisha, mafundi wanahamia kwenye kazi nyingine, na mama anabaki na daftari mkononi, jengo refu mbele yake. Basi.

Tulipoionyesha darasani kwa mara ya kwanza, ilianza hivi: kisu kinang'aa, moto unalipuka, vitunguu vinakatwa upesi upesi, na majina yetu yanatetemeka kwa herufi zilizokwaruzwa kama kwa msumari, huku muziki mzito ukinguruma. Tulijiona mabingwa. Dakika ya kwanza haijaisha, mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hapa anauawa nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Kibaya zaidi, hata dakika ya nne, mama alipokuwa anapakua wali kwa amani kabisa, kuna watu walikuwa bado wanamsubiri muuaji. Mwalimu yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Huu mwanzo mmeutoa wapi?"

Wenzangu wakanituma nikatafute jibu la swali hilo. Makala haya yanaeleza nilichokipata. Hoja yangu ni moja: mwanzo wa filamu ni ahadi, na wahenga walishasema ahadi ni deni. Kwa hiyo, mwanzo haupimwi kwa uzuri wake peke yake, bali kwa namna filamu nzima inavyoulipa.

Mwanzo katika fasihi yetu

Kabla ya kwenda kwenye sinema, hebu tuanzie nyumbani. Fanani wa ngano anasema "Paukwa!" na hadhira inajibu "Pakawa!" Wengi wetu tumefundishwa kuwa hiyo ni fomula ya kufungulia hadithi, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Lakini fomula hiyo inafanya kazi gani? Ni mapatano. Hadhira ikijibu imekubali kwamba kitakachofuata ni hadithi, kwamba sungura atasema na hakuna atakayembishia.

Katika tenzi za zamani mapatano yanakuja kwa njia nyingine. Mtunzi humtaja Mungu, kisha mara nyingi huagiza vifaa vya kuandikia. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Ukisoma haraka utaona ni desturi tu. Kumbe pale pale tumeshaambiwa mambo matatu: anayesema ni mama, anayesikiliza ni binti, na yatakayosemwa ni ya kuhifadhiwa. Utenzi mzima unalipa ahadi hiyo. Mwishoni mtunzi anataja hata mwaka wa utunzi. Watu wa filamu wangeuita huo ufunguzi na ufungaji wa majina.

Kutoka kwenye pazia

Kwa muda mrefu majina ya mwanzoni mwa filamu yalikuwa orodha tu. Inasimuliwa kwamba katika majumba ya sinema ya Marekani, majina yalikuwa yakionyeshwa juu ya pazia ambalo halijafunguliwa, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mchoraji Saul Bass ndiye anayetajwa sana kwa kubadili mambo. Mwaka 1955 alimtengenezea Otto Preminger ufunguzi wa The Man with the Golden Arm, filamu inayomhusu mtu aliyetawaliwa na heroini. Hakuweka picha ya Frank Sinatra, nyota wa filamu. Aliweka mistari myeupe kwenye weusi, inayoingia na kutoka, mpaka mwisho inageuka kuwa mkono uliopindapinda. Mkono ndio unaodungwa sindano. Kabla hajasema mtu neno, dhamira imeshatajwa.

Miaka 3 baadaye, katika Vertigo ya Alfred Hitchcock, Bass alianza na uso wa mwanamke, midomo, kisha jicho, na ndani ya jicho yakatoka maumbo ya mzunguko yasiyokwisha. Filamu inamhusu mwanamume anayeogopa kimo na anayemzunguka mwanamke mmoja hadi anapoteza akili. Kwa lugha ya darasani, fani imebeba maudhui kabla msuko haujaanza.

Je, mwanzo unaruhusiwa kudanganya?

Nilipowaeleza wenzangu haya, mmoja alinibana. "Na Psycho je?" Swali lake ni la haki. Katika filamu hiyo ya 1960 tunamfuata Marion Crane aliyeiba dola 40,000. Tunadhani hii ni hadithi ya wizi. Kabla filamu haijafika nusu, Marion anauawa bafuni, na zile fedha zinazama kinamasini ndani ya gari pamoja na maiti yake. Hapo ahadi iko wapi?

Ilibidi nirudi kuitazama tena, na nilichokiona ndicho kilichonisaidia kuliko vyote. Ni kweli kwamba msuko unatudanganya. Lakini ufunguzi wa majina, ambao pia ni kazi ya Bass, haukudanganya. Mistari ya kijivu inapita kwenye kioo kwa ulalo na kwa wima, na majina yanakatwa vipande, yanatengana, yanaungana, yanatengana tena. Vinanda vya Bernard Herrmann vinakwaruza chini yake. Mwisho wa filamu tunaelewa: kuna mtu aliyegawanyika. Tuliambiwa tangu sekunde ya kwanza, ila hatukujua kusoma. Nikamjibu mwenzangu kwamba mwanzo unaweza kuficha matukio, lakini usidanganye kuhusu aina ya dunia tunayoingia. Alinyamaza, ingawa sina hakika kama alikubali.

Deni la Se7en

Sasa nije kwenye dhambi yetu. Ufunguzi wa Se7en, filamu ya David Fincher ya 1995, ulibuniwa na Kyle Cooper. Tunaona vidole vikichuna ngozi ya ncha zake kwa wembe, vikishona daftari, vikifuta maneno kwa wino, vikikata picha. Herufi zimekwaruzwa kwa mkono. Sisi tulichukua wembe na mikwaruzo, tukaacha sababu.

Sababu ni hii: mikono ile ni ya muuaji. Muuaji mwenyewe haonekani waziwazi hadi filamu imekwenda sana, wala hatujui sura yake. Lakini tumekwishaishi naye dakika 2 chumbani kwake, tumeona subira yake na daftari zake. Wapelelezi wanapozikuta daftari hizo baadaye, sie tunazijua. Ile mikwaruzo ni tabia ya mhusika, ni maandishi yake. Mama lishe wetu ana uhusiano gani na mikwaruzo? Hana. Tulikopa ahadi ya mtu mwingine, na hatukuwa na cha kuilipia.

Jina linapoziba picha

Kuna kosa jingine, nalo ni kuweka majina mahali pasipoyataka. Mwanzoni mwa Touch of Evil ya Orson Welles (1958), mtu anatega bomu kwenye buti la gari karibu na mpaka wa Mexico na Marekani. Kamera inalifuata gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika 3 bila kukata, huku wapita njia wakilikaribia na kuliacha. Taharuki yote iko hapo: litalipuka lini, na nani atakuwa karibu? Lakini studio ilibandika majina ya waigizaji na watengenezaji juu ya picha hiyo, na muziki wa Henry Mancini ukifunika sauti za mtaani. Mtazamaji anasoma majina badala ya kulitazama gari.

Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kueleza namna filamu yake ilivyopaswa kuhaririwa. Ilipofika 1998, Welles ameshafariki tangu 1985, mhariri Walter Murch aliifanyia filamu uhariri mpya akifuata waraka huo. Majina yakaondolewa mwanzoni, na badala ya muziki mmoja tukasikia muziki wa baa na redio ukija na kupotea kadiri kamera inavyopita. Nilitazama matoleo yote mawili kwa usiku mmoja. Picha ni ile ile, lakini moyo haudundi sawasawa.

Mwanzo usiokuwemo kitabuni

Mfano wangu wa mwisho ni wa Afrika, na unatuhusu sana sisi wa fasihi. Ousmane Sembène aliandika riwaya ya Xala mwaka 1973, kisha akaigeuza filamu mwaka 1975. Riwaya inaanza wafanyabiashara wakiwa wameshakutana kusherehekea mwenzao kushika uenyekiti wa Chemba ya Biashara. Filamu inarudi nyuma hatua moja. Ngoma zinalia, Waafrika wanawatoa Wazungu kwenye Chemba, sanamu zao zinabebwa nje. Uhuru huo! Halafu Wazungu wale wale wanarudi na mikoba, na kila mheshimiwa akifungua wake anakuta noti zimejaa.

Kwa nini Sembène aliongeza hayo? Msomaji wa riwaya ana nafasi ya kupewa maelezo polepole. Mtazamaji hana, lazima aone. Baada ya ile mikoba, anasa zote za El Hadji, pamoja na arusi ya mke wa tatu, tunaziona kwa jicho jingine, na ombaomba wanapomtemea mate mwishoni hatushangai. Deni lilifunguliwa kwenye mkoba, linalipwa kwa mate.

Tulivyoirudia kazi yetu

Katika utafiti huu nilijiwekea utaratibu ambao naupendekeza kwa wenzangu. Tazama mwanzo mara 3: kwanza kama kawaida, pili ukiwa umezima sauti, tatu umefumba macho, unasikiliza tu. Andika kila mara unachokitarajia. Kisha tazama filamu hadi mwisho, na urudi kwenye orodha yako uone kipi kimelipwa.

Tulipoipima filamu yetu hivyo, ukweli ulituumbua. Tulikuwa tumetengeneza mwanzo siku ya kwanza, kabla hatujajua filamu yetu inahusu nini. Tulidhani inahusu kazi ngumu ya jikoni. Kumbe inahusu kuandika: mtu asiye na mkataba wala risiti, ana maandishi yake tu, na maandishi hayo hayana nguvu mbele ya lori linaloondoka na mafundi.

Basi tukatupa kisu na moto. Tukamrudia mama aliyetuigizia, tukamwamkia, tukamweleza. Akacheka: "Wanangu, si mngesema tangu mwanzo?" Mwanzo mpya ni ukurasa mtupu wa daftari. Mkono wake unapiga mistari kwa rula, halafu unaandika majina, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina sahani ngapi. Majina hayo ni yetu: mpiga picha, mhariri, mwandishi. La kwake liko juu kabisa. Hatukubuni kitu, manake siku 6 za kupiga picha tulikula kwake, na kweli alikuwa ametuandika.

Hitimisho

Mwalimu alipouona alisema ni mrefu kwa sekunde 20, na alikuwa sahihi, tukaupunguza. Lakini safari hii hakuna aliyeuliza anauawa nani. Mmoja aliuliza, "Walimlipa?" Hilo ndilo swali la filamu yetu.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya zamani, kwani tangu 2017 Netflix imempa mtazamaji kitufe cha kuruka utangulizi. Mimi naona kitufe hicho kinatuongezea kazi. Mwanzo unaorukwa bila hasara haukuwa umeahidi kitu. Nawaachia wenzangu na walimu wetu uwanja waendeleze mjadala. Kwa upande wetu, deni la wali tulilimaliza kabla ya kuonyesha filamu, na mama mwenyewe alitukata kwenye daftari.