Mbili Mara Tatu Si Sita

Mji wa Moi's Bridge, ulio kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, umesifika kwa mahindi tangu ulipokuwa ukiitwa Hoey's Bridge. Mkulima wa huko hanyunyizi dawa shambani bila kuuliza kipimo. Anajua kwamba ikizidi itaunguza mmea, na ikipungua magugu hayatakufa. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, mwanawe anaposhikwa na homa usiku, humpa kidonge kilichosalia mkebeni tangu mwaka jana, asikumbuke kilikuwa cha ugonjwa gani.

Sisemi haya kwa kumdharau. Zahanati i mbali, foleni ni ndefu, na pengine mgonjwa huambiwa dawa zimekwisha, akanunue. Mwenye duka yupo jirani, hufungua hadi usiku, tena hukopesha. Ni kweli kwamba mwaka 2013 serikali iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Lakini nauli na kibarua cha siku nzima kinachopotea havikuondolewa.

Hata hivyo, umaskini haupunguzi makali ya dawa. Vijijini kila homa huitwa malaria, ilhali yaweza kuwa kichomi, homa ya matumbo au maradhi yatokanayo na maziwa yasiyochemshwa. Anayemeza dawa ya malaria bila kupimwa huenda akapoteza siku ambazo zingemwokoa. Naye anayeacha dawa ya bakteria katikati kwa kuwa amepata nafuu huwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini, alionya juu ya hatari hiyo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu.

Waalimu wenzangu, jambo hili latuhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wanafunzi wa jamii ya Waluo magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba watoto hawangojei wazazi. Hujitibu wenyewe kwa mitishamba na kwa vidonge vya dukani. Mtoto anayetumwa dukani na sarafu mkononi ndiye mnunuzi, msomaji wa maagizo, na mara nyingine tabibu wa wadogo zake.

Je, tumemfundisha kusoma maagizo hayo? Bahasha ya dawa huandikwa "2 x 3". Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa hesabu maana yake, na mmoja wao akajibu bila kusita: "Sita, mwalimu." Hakukosea, kwani ndivyo tulivyomfunza: mbili mara tatu ni sita. Nani alimweleza kwamba kwenye bahasha ile ni vidonge viwili, asubuhi, mchana na jioni? Akivimeza vyote sita kwa pamoja, nasi tutamlaumu nani? Hata dawa ya kawaida ya maumivu, parasetamoli, huharibu ini inapozidi kipimo.

Tiba hii haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa hesabu na alete bahasha tupu darasani. Mwalimu wa sayansi na aonyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi, na aeleze kwa nini dawa ya bakteria haiponyi mafua, ambayo huletwa na virusi. Wa Kiswahili na awape wanafunzi insha ya kumwelekeza nyanya asiyejua kusoma. Nawe mwanafunzi, jizoeze kumwuliza mwuzaji: hii ni dawa ya nini, nitaimeza vipi, kwa siku ngapi? Wala usimgawie mwenzako vidonge vyako, hata kama mnaumwa kichwa pamoja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika zama zetu, abahatishaye dawa naye yu njia hiyo hiyo. Serikali na ilete dawa na vipimo karibu na wananchi, huo ni wajibu wake. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba mtoto anayefaulu hesabu darasani haangamii kwa hesabu iliyoandikwa kwenye bahasha.