Fahamu: SHA hulipia nini kwenye saratani ya matiti?

Kwa mama anayefua nguo za watu Lindi, Kibera, kujisajili na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya) kwa *147# ni bure, na kunamfungulia matibabu ya zahanati na kituo cha afya. Matibabu ya saratani hayamo humo. Kemotherapia, mionzi na upasuaji vinahitaji mchango uliolipwa: angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini kwa asiye na mshahara hudaiwa wa mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mpigo. Hapo ndipo wengi hukwama. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole humkopesha, kisha akarejesha kidogo kidogo.

SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 1, 2024, kikomo cha malipo ya saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Tazama neno kaya: watu wawili wakiugua, wanagawana. Oktoba 2025 Rais Ruto alitangaza kukipandisha hadi 800,000.

Afueni kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya wenye saratani ya matiti ya aina ya HER2, yaani yenye protini ya HER2 kwa wingi. Kwa makubaliano na kampuni ya dawa ya Roche, bei ya dozi ya Herceptin, dawa ya aina hiyo, imeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na SHA huilipa yote. Ukipimwa, uliza kama kipimo cha HER2 kimefanywa.